Simu Mpya, Watu Walewale: Namba za Nyumbani Zisipotee Siku ya Kuhama

Huku Bumbuli ni ukungu na baridi, mikono inaganda hata kuandika. Tumeshaongea humu kuhusu dalili za hatari kwa mjamzito, tukaongea kuhusu kitovu cha mtoto na yale mambo ya kukipaka vitu. Leo nataka tuongee kuhusu namba za simu. Najua kuna atakayesema nesi kaishiwa mada. Subiri kwanza, soma mpaka mwisho. Ni ndefu, nimeigawa vipande.

1. Namba ni za nani?

Msimamo wangu nauweka hapa juu ili tusizungushane: zile namba chache zinazogusa uhai wa mama na mtoto si mali ya simu, wala si mali ya mwenye simu. Ni mali ya nyumba. Zikae mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba hiyo anazifikia, ziwe na mtu mmoja wa kuzitunza, na siku simu au laini inapobadilishwa zihamishwe kwa utaratibu. Tusiziache zihame kwa bahati.

Kwa nini nasema hivi? Kwa sababu sisi tulio zamu tunaishi kwa hizo namba. Mama analetwa usiku kutoka mbali, Mgwashi au Tamota huko, barabara ina utelezi, amefuatana na wifi yake wa miaka kumi na sita. Hali inabadilika, anahitaji damu, au anahitaji rufaa kwenda Bombo, Tanga. Tunafungua kadi ya kliniki, kuna namba ya mume. Tunapiga. Haipatikani. Wifi anasema, "Kaka alibadilisha laini mwezi wa pili, mpya siijui." Mume yuko Dar, amepeleka karoti na kabichi Kariakoo, hana habari. Simu anayo mkononi, ina chaji na ina salio. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja pale wodini anayeijua namba yake.

Matibabu hatuyasimamishi kwa sababu ya simu, hilo lieleweke. Lakini ndugu wa kutoa damu anatafutwa kwa simu. Mtu wa kubaki na watoto wengine nyumbani anatafutwa kwa simu. Na damu inayotoka baada ya kujifungua haikai kusubiri, inaweza kuondoka na mama ndani ya saa chache tu. Hapo namba iliyokufa inakula dakika ambazo hatuna.

2. Jambo hili hata maofisini lipo

Msidhani ni shida ya sisi wa milimani na simu zetu za tochi. Nitawapa mfano wa ofisi moja, jina lake silitaji na halina umuhimu. Waliamua kuhamisha barua pepe zao kutoka seva ya zamani kwenda seva mpya. Seva ni ile kompyuta kubwa inayopokea na kutunza barua pepe za ofisi nzima, ifikirie kama posta ya ofisi. Fundi akaja, akahamisha barua zote. Watu wakafungua Jumatatu, wakaona barua zao za miaka mitano zipo, wakafurahi.

Kilichosahaulika ni kitabu cha anuani cha pamoja. Yale majina ambayo ofisi nzima ilikuwa inayatumia: vituo vya afya, waganga wafawidhi, wasimamizi wa chanjo. Kulikuwa na orodha moja ambayo ukiandika jina lake tu, barua inawafikia wote kwa mpigo. Barua za kila mtu zilikuwa na mwenyewe, kwa hiyo kila mtu alizifuatilia. Orodha ya wote haikuwa na mwenyewe. Kila mmoja alidhani mwenzake ameisemea.

Halafu kuna mtego mwingine ambao hata wasomi unawanasa. Ukiandika herufi mbili tatu za jina, barua pepe inakumalizia anuani yenyewe. Watu wanadhani anuani hiyo imehifadhiwa. Wapi! Mara nyingi programu inakumbuka tu kwamba uliwahi kumwandikia mtu huyo. Ukihamia mfumo mpya, kumbukumbu hiyo inaweza kubaki kulekule ulikotoka.

Matokeo yake ni madogo kwa kuyasikia tu. Tangazo la kubadilisha siku ya kliniki ya mkoba lilitumwa likaenda kwa watu nusu. Kijiji kimoja hawakupata habari. Akina mama wakateremka mlima asubuhi na watoto mgongoni, wakakaa chini ya mti mpaka saa saba, wakapanda mlima kurudi. Mwingine alikuwa ameleta mtoto wa miezi tisa kwa chanjo ya surua na rubela. Ukimwambia aje tena wiki ijayo, atakuja? Wengine wanakuja. Wengine wana shamba, wana mgonjwa nyumbani, wamechoka na sisi. Hivyo ndivyo mtoto anavyokosa chanjo kwa sababu ya kitabu cha anuani.

Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kwa biashara, lakini namba nazo ni mali.

3. Majina yako yamekaa wapi hasa?

Sasa turudi nyumbani kwako. Shika simu yako, nikuulize: majina uliyosevu yamekaa wapi? Wengi mtajibu "si kwenye simu". Kuna sehemu tatu, na kila moja ina namna yake ya kukuacha njiani.

Sehemu ya kwanza ni laini yenyewe. Kwenye simu za tochi wengi husevu huku. Laini nyingi hubeba kama majina 250 hivi, na jina refu hukatwa. Uzuri wake, ukichomoa laini na kuitia kwenye simu nyingine, majina yanakuja nayo. Ubaya wake, laini ikipotea ukaenda kuirudisha kwa wakala, unapewa laini mpya yenye namba yako ileile, lakini ndani ni tupu. Namba yako imerudi, watu wako hawajarudi. Wengi hawalijui hili mpaka liwakute.

Sehemu ya pili ni kumbukumbu ya simu. Hapa majina yanakaa vizuri mpaka siku simu inapodumbukia kwenye ndoo, au inapoibiwa Mombo stendi, au fundi anapoifuta yote ili iwake tena. Mtoto akiivunja kioo unaweza kubahatika. Ikizama majini, sahau.

Sehemu ya tatu ni akaunti ya mtandaoni, kwa mfano ya Google, kwenye simu janja. Hapa majina yanatunzwa nje ya simu. Ukinunua simu nyingine ukaingia kwa akaunti ileile, yanarudi yenyewe. Ndiyo njia nzuri kuliko zote, lakini ina sharti: uijue akaunti yako na nywila yake. Wangapi tunaijua? Ulinunua simu, muuza duka akakufungulia akaunti palepale, akaweka nywila anayoijua yeye, wewe ukaondoka na furaha. Majina yako yako salama kabisa, ila kwenye nyumba ambayo ufunguo wake anao muuza duka, na hata yeye ameshausahau.

Na kama zile barua pepe za ofisini, kuna namba ambazo hujazisevu popote. Zipo tu kwenye orodha ya simu zilizopigwa. "Yule dereva ni hii namba inayoishia na 47." Ukipiga simu nyingi wiki hiyo inasukumwa chini na kupotea. Namba hiyo usiihesabu kuwa unayo.

4. Na laini yenyewe ni ya nani?

Hapa naomba akina mama mnisikilize vizuri zaidi.

Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole. Ulianza Mei 2019, mwisho ukawekwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Wakati ule wengi hatukuwa na namba ya NIDA. Tulifanyaje? Tuliomba. Mume akakusajilia, shemeji akakusajilia, jirani mwenye kitambulisho akakusaidia. Ulikuwa msaada mzuri, siupingi. Ila maana yake ni kwamba laini unayoitumia leo, kwa maandishi, ni ya mtu mwingine. Ikipotea, kuirudisha kunataka kidole chake. Akiwa amehama, au mmegombana, au ametangulia mbele ya haki, namba yako imeondoka. Na namba hiyo ndiyo iko kwenye kadi ya kliniki, kwenye daftari la kikoba, shuleni kwa mtoto, na kwa ndugu wote.

Leo piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona yako haimo, panga safari ya kulimaliza hilo kabla ya miezi ya mwisho ya mimba, usiache mpaka uwe na uchungu. Utaona pia kama kuna laini usizozijua kwa jina lako, hizo nazo zisemee.

Jambo lingine: watu wengi wanabadilisha namba kwa sababu tu wamehama mtandao. Bando la huku limepanda, mtandao fulani haushiki bondeni kwao, basi wananunua laini mpya na namba mpya. Tangu Machi 2017 hapa Tanzania unaruhusiwa kuhama mtandao ukabaki na namba yako ileile. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaohamia na kitambulisho chako, wanakuelekeza. Hata pale kampuni yenyewe inapobadilisha jina, kama Tigo ilivyogeuka kuwa Yas mwaka 2024, namba za wateja hazikubadilika. Kwa hiyo mara nyingi hulazimiki kubadilisha namba. Kumbuka tu kwamba ukihama unapewa laini mpya, na majina yaliyokuwa ndani ya ile ya zamani hayaji nayo. Yanakili kwanza.

Wakubwa wenzangu mtakumbuka enzi zile kampuni zilipobadilisha namba za mwanzo, 0744 ikawa 0754, 0748 ikawa 0784. Nchi nzima ilikaa ikasahihisha madaftari. Wakati ule watu walikuwa na madaftari ya kusahihisha! Leo ikitokea hivyo, nyumba nyingi hazina hata karatasi moja.

5. "Mpenzi", "Boss", "Mama 2"

Mgonjwa kaja hajitambui, simu yake tunayo, haina hata neno la siri. Tunatafuta ndugu. Tunakuta: Asali. Boss. Fundi. Mama. Mama 2. Mama Mdogo Mpya. Dr Viatu. Kipenzi Halotel. Jamani! Sisi tutajuaje Asali ni mume au ni muuza asali?

Jina unalolisevu kwa ajili yako peke yako ni lako, andika upendavyo. Lakini namba ya kutumiwa na wengine inataka jina linaloeleweka na wengine. "Mama" kwenye simu inayotumiwa na mke na mume ni mama wa nani? Andika "Mume – Baba Zaina", "Bibi mzaa mama – Soni", "Dereva gari – Mponde". Uhusiano, jina, mahali. Na kwenye simu janja nyingi kuna sehemu ya taarifa za dharura inayofunguka hata simu ikiwa imefungwa. Weka hapo namba mbili na kundi lako la damu kama umepimwa.

Sasa kuna upande wa pili ambao watu hawaufikirii. Namba ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaweza kumpa mteja mwingine. Ile namba yako ya zamani, iliyobaki kwenye kadi na kwenye vitabu vyetu, leo anaweza kuwa nayo kijana mmoja wa Mbeya. Tunapiga tukijua ni wewe, anapokea mtu baki. Sisi tumefundishwa kuhakikisha kwanza tunaongea na nani kabla ya kusema lolote, lakini ujumbe mfupi ukitumwa umetumwa. Majibu ya vipimo ni siri ya mtu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba yako ya simu na habari za afya yako zimo ndani ya ulinzi huo. Sheria inatubana sisi tunaotunza taarifa, na ni haki. Ila wewe nawe ukibadilisha namba tuambie, maana sisi hatuoti.

Na una haki ya kumwambia nesi, "Namba hii ni ya mume wangu, msiitumie kwa majibu yangu, tumieni hii ya dada." Husemi vibaya. Nesi mzuri ataandika hivyo na hatakuuliza maswali ya uswahilini. Simu ya nyumba ni ya pamoja, majibu yako si ya pamoja mpaka utake mwenyewe.

6. Najua mtakayosema

La kwanza: "Nesi, siku hizi nani anaandika kwenye daftari? Kila kitu kiko kwenye simu." Nami natumia simu, siipingi. Tatizo simu inaishiwa chaji, na huku kwetu mvua ikinyesha siku tatu umeme nao unaweza kusinzia. Karatasi haiishiwi chaji. Nasema vyote viwili, simu kwa kila siku na karatasi kwa siku mbaya.

La pili, hili ni la akina baba: "Simu yangu ni siri yangu, mke asipekue." Baba, hakuna anayetaka kupekua. Hatutaki majina yako mia tatu. Tunataka kumi na tano tu. Zile nyingine baki nazo. Kukataa kumpa mke wako mjamzito namba ya dereva, eti kwa sababu ya siri, hapo utakuwa unalinda kitu gani?

La tatu: "Tuna grupu la WhatsApp la ukoo, namba zote zimo." Sawa. Sasa nifungulie hilo grupu, bando limeisha, wewe si mwanachama, simu imefungwa kwa alama ya kidole cha mtu aliyelala hajitambui. Grupu ni la kuongea. Kwa saa nane usiku halitufai sana.

Na sisi wa hospitali tusijifanye tumemaliza. Sehemu nyingi orodha ya madereva, ya wachangia damu, ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii imo kwenye simu ya mtu mmoja, kwa kawaida mkuu wa wodi. Akienda likizo, orodha imekwenda likizo. Akihamishwa kituo, orodha imehamishwa. Hiyo si haki kwake wala kwa mgonjwa. Orodha ya wodi iwe mali ya wodi, iandikwe ukutani na kwenye kitabu cha makabidhiano ya zamu, na mmoja apewe kazi ya kuipitia kila mwezi. Kazi hiyo iandikwe jina la mtu. Ikiandikwa "wote tushirikiane" haifanyiki, tunajuana.

7. Daftari lenyewe

Chukua daftari la shule la kurasa thelathini na mbili, au hata karatasi moja ngumu. Andika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, hata mtoto wa darasa la tatu aweze kusoma. Juu kabisa andika 115. Hiyo ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ukipiga unaongea na kituo kinachoratibu rufaa. Kama gari la wagonjwa haliko karibu, wanatafuta dereva wa jamii aliyeandikishwa, na analipwa na mfumo, si na wewe. Naipenda namba hii kwa sababu moja kubwa: ni namba ya huduma, si ya mtu. Haihami, haibadilishi laini, haigombani na mwenzake. Fikiria pia kwamba nyuma yake kuna kitabu cha anuani cha pamoja, majina ya madereva na vituo. Kitabu hicho kikitunzwa, mama anafika.

Chini yake 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya kwa maswali ya afya, na 116, ya kuomba msaada kwa mtoto anayefanyiwa ukatili. Kisha:

Zahanati au kituo chako, na wodi ya wazazi ya hospitali yako. Mhudumu wa afya wa kijiji chako. Madereva wawili, mmoja wa gari na mmoja wa bodaboda, wa upande wenu wa mlima, maana dereva wa Soni hatakufaa kama uko Funta na mvua imekata njia. Jirani mmoja wa kuamsha usiku. Mume, na mtu aliye naye huko aliko, maana yeye simu yake inaweza kuwa kwenye chaji dukani. Ndugu wawili wa upande wako. Watu wawili waliokubali kutoa damu. Wa kubaki na watoto. Mwenyekiti wa kitongoji.

Mbele ya kila namba andika tarehe uliyoihakiki. Kuhakiki maana yake umepiga, ameita, amepokea, mmeongea. Ukiiangalia tu kwa macho hujahakiki. Nakala ya kwanza ibandike ndani ya mlango wa kabati. Ya pili iwe ndani ya kadi ya kliniki. Ya tatu mpe bibi. Na mchague mtunzaji mmoja, asiwe lazima mwenye simu kubwa. Nimeona binti wa darasa la sita akitunza daftari kuliko baba yake.

8. Siku ya kuhama

Simu mpya imeingia ndani, kila mtu anataka kupiga selfi. Tulieni. Fanyeni kama ofisi yenye akili inavyohamisha barua pepe zake.

Kwanza hesabu kabla ya kuhama. Kama simu ya zamani ina majina 180, jua ni 180, ili ukiona 112 kwenye mpya ujue kuna walioachwa. Pili, sevu zile namba ambazo zipo tu kwenye simu zilizopigwa. Tatu, nakili. Simu ya tochi ina sehemu ya kunakili majina yote kwenda kwenye laini au kutoka kwenye laini. Simu janja inaweza kuyatoa yote kama faili moja, ukamtumia dada yako alitunze. Ingia kwenye akaunti yako mwenyewe, na nywila iandike kwenye karatasi ya nyumbani, si ya dukani.

Nne, na hili ndilo watu wanaruka: usiue ya zamani kabla mpya haijajaribiwa. Usiuze simu ya zamani siku hiyohiyo. Kama umebadilisha namba, acha laini ya zamani iwake mwezi mzima hata kwenye kitochi, maana kuna mtu ambaye hajapata habari, na mara nyingi mtu huyo ni sisi wa kliniki. Tano, jaribu kwa kupiga. Piga zile kumi na tano, zote. Sita, futa zilizokufa. Namba iliyokufa ni mbaya kuliko kutokuwa na namba, kwa sababu inakudanganya kwamba unayo.

Mwisho, mfikishie taarifa kila anayetunza namba yako: kliniki, shule, kikoba, mwenyekiti. Ukija kliniki, kabla hujapanda kwenye mzani, sema, "Nesi, namba imebadilika." Sekunde kumi. Sisi tunafuta, tunaandika mpya kwenye kadi na kwenye kitabu, tunaendelea.

Kama una mimba ya miezi saba kwenda juu, au una mtoto chini ya mwaka, kazi hii usiipeleke Jumamosi. Leo jioni mkishakula, kaeni na baba watoto, chukueni kalamu, mpige namba kumi na tano. Ambayo haipatikani, kesho itafutiwe nyingine. Kama mume yuko Dar, mpigie umsomee moja moja, naye aandike kwake. Na wewe baba uliyesoma kimyakimya mpaka hapa, anza wewe. Mtumie mama watoto namba ya mtu unayekaa naye huko.

Wiki ijayo panapo majaliwa tutaongea kuhusu mtoto anayekohoa kipindi hiki cha baridi, lini umsubirie nyumbani na lini umkimbize. Mbaki salama.